Shaba ya Lualaba huondoka ghafi. Nyimbo za msitu zisifuate njia hiyo

Mwaka wa 1952, Hugh Tracey, Mwingereza aliyekuwa akizunguka Afrika na mashine ya kurekodi sauti, alimkuta kijana mmoja akipiga gitaa barabarani mjini Jadotville, mji ambao leo unaitwa Likasi. Kijana huyo alikuwa Jean Bosco Mwenda, aliyezaliwa Bunkeya mwaka wa 1930. Hakuwa na bendi wala tarumbeta. Alikuwa na gitaa moja na sauti moja, na kati ya nyimbo alizorekodiwa ulikuwemo ule unaoitwa Masanga. Wimbo huo ulitoka Katanga ukafika Johannesburg, Nairobi, London na Marekani. Hadi leo, katika nchi za mbali, kuna wapiga gitaa wanaokaa siku nzima wakijaribu kuiga namna kidole gumba chake kilivyoshika njia ya chini, huku kidole cha shahada kikiimba juu.

Bunkeya hiyo iko leo ndani ya jimbo la Lualaba, katika teritwari ya Lubudi. Pamoja na hayo, vijana wengi wa Kolwezi wenye visikizio masikioni wanajua kila wimbo mpya wa Kinshasa na wa Lagos, lakini jina la Mwenda wa Bayeke linawapita. Wazee wanasikitika kwa jambo hilo, na wana haki. Lakini liko jambo zito zaidi. Mkaaji wa Kolwezi akiombwa ataje albamu moja iliyotungwa juu ya msitu unaozunguka mji wake, atafikiri sana. Atataja nyimbo za mapenzi, za ibada, za kusifu wakubwa na matajiri. Albamu ya msitu hataipata upesi. Na watu wanaoweza kuitunga, wale walioishi na msitu huo, wanahamishwa, wanazeeka na wanakufa.

Maoni yanayotolewa hapa ni haya: albamu hiyo itungwe sasa, itungwe Kolwezi, na familia zilizohamishwa ziwe wenye albamu, si watu wa kupigwa picha kwenye jalada lake tu.

Muziki wa sebuleni

Kwanza ieleweke ni muziki wa namna gani. Huko Ulaya na Marekani kuna wanamuziki wanaotunga kwa sauti chache: gitaa lisilo la umeme, fidla, piano, filimbi, na waimbaji wawili au watatu. Muziki wao huitwa kwa jina la chumba kwa sababu unatosha kupigwa sebuleni, watu wakiwa wamekaa karibu. Wapo waliotoa albamu nzima juu ya msitu mmoja wa kale. Hata kabla yao, mwaka wa 1926, Jean Sibelius wa Finland alitunga Tapiola, kazi ya okestra juu ya misitu ya kwao na roho anayesemekana kuitawala. Watu ambao hawajawahi kufika Finland wanaijua misitu hiyo kwa masikio.

Mtu wa Lualaba asidhani kwamba hayo ni mambo ya Wazungu peke yao. Muziki mtulivu wa watu wachache ndio uliozaliwa hapa. Mwenda alikuwa hivyo. Edouard Masengo na Losta Abelo, wapiga gitaa wa Katanga wa wakati huo, walikuwa hivyo pia. Gitaa moja, Kiswahili cha nyumbani, na maneno ambayo msikilizaji anayasikia yote. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Mwenda alikwenda Nairobi kutangaza dawa ya Aspro, na wapiga gitaa wa Kenya wakamsikiliza kwa makini sana. Mwaka wa 1969 alialikwa Marekani kwenye tamasha la Newport. Mwaka wa 1988 alirekodi albamu huko Cape Town, akizirudia nyimbo zake za zamani kwa mkono uliokomaa. Miaka miwili baadaye alifariki katika ajali ya gari nchini Zambia.

Kabla ya gitaa kulikuwa na likembe, ambayo Wachokwe na Walunda wanaiita chisanji. Kulikuwa na madimba. Vyombo hivyo vilitoka msituni moja kwa moja. Ubao wa likembe na mwili wa ngoma ulichongwa kutoka mti kama mulombwa, ambao ukikatwa hutoa utomvu mwekundu kama damu. Kwa hiyo msitu ulikuwa ndani ya muziki hata kabla mtu hajaimba neno moja juu yake.

Na Kamina, katika Katanga ile ile ya zamani, padre Guido Haazen alikusanya kwaya ambayo mwaka wa 1958 ilitoa rekodi ya Missa Luba: misa ya Kilatini iliyoimbwa kwa sauti za hapa, bila kinanda, kwa ngoma. Dunia iliinunua. Miaka 10 baadaye sehemu yake ilisikika ndani ya filamu ya Kiingereza. Hakuna sababu ya mtu wa Kolwezi kuamini kwamba sauti za huku hazisafiri. Zilisafiri mapema sana.

Kinachouliza jibu ni namna zilivyosafiri. Rekodi nyingi za Mwenda za miaka ya 1950 zilitolewa na kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini. Sauti alizokusanya Tracey zimehifadhiwa katika maktaba ya muziki iitwayo ILAM, huko Makhanda, Afrika Kusini pia. Tracey asilaumiwe bure: bila mashine yake, sehemu kubwa ya sauti hizo ingepotea. Lakini mkaaji wa Lualaba anaijua njia hiyo vizuri. Ni njia ya malori yanayopita Kasumbalesa kuelekea Durban na Dar es Salaam, na ya mabehewa yanayoelekea Lobito. Kitu kinachimbwa hapa, kinaondoka ghafi, kinasafishwa na kupewa bei kwingine, na kikirudi kinarudi kikiwa bidhaa ya kununua. Hata nyuzi nene za gitaa zimezungushiwa waya wenye mchanganyiko wa shaba. Kijana wa Manika anayenunua nyuzi hizo dukani huenda analipia shaba iliyotoka chini ya kartie yake.

Pori lenye umri

Sababu moja ya msitu huu kutoimbwa ni jina lake. Watu wengi wanauita pori. Neno "msitu wa Kongo" likitajwa, akili inakwenda Ituri na Équateur, kwenye miti mirefu isiyopitisha jua. Msitu wa Katanga ni wa miombo. Miti yake inaachana, jua linafika chini, na mwezi wa 7 majani yanakauka na moto unapita. Mgeni akiuona wakati huo anasema hapa hakuna kitu.

Mwenyeji anajua kwamba mgeni amekuja wakati mbaya. Mwezi wa 9, kabla tone moja la mvua halijaanguka, miti hiyo hutoa majani mapya, na majani hayo hayatoki kijani. Yanatoka mekundu na ya rangi ya shaba, mlima mzima unawaka bila moto. Kisha mvua inafika na uyoga unaanza, ule ambao wengi huku wanauita bowa. Uko mwembamba wa njano unaopikwa na karanga. Uko unaoota juu ya vichuguu vya mchwa, na aina moja yake ina kofia inayoweza kufika karibu mita 1 kwa upana, ndiyo uyoga wa kuliwa mkubwa kuliko wote duniani. Wanawake wanauuza kando ya barabara ya Likasi wakiwa wameuinua juu kama mwavuli. Viwavi wanafuata, kila aina na mti wake. Masuku yanaiva, mupundu yanaanguka, watoto wanarudi nyumbani midomo imebadilika rangi.

Vichuguu hivyo vyenyewe vinastahili wimbo. Vingine vinapita urefu wa nyumba. Mwaka wa 2015 wataalamu walichapisha matokeo ya kupima umri wa vichuguu vikubwa vya msitu wa miombo wa Katanga, na kile kilichokuwa na umri mkubwa zaidi kilikuwa kimeanza kujengwa zaidi ya miaka 2000 iliyopita. Maana yake ni kwamba wakati mchwa wa kwanza walipoanza kazi pale, hakukuwa na ufalme wa Waluba, wa Walunda wala wa Bayeke. Halafu yako mabaki ya muhulu, msitu mzito usiopukutisha majani, ambao wataalamu wa mimea wanauona kama kumbukumbu ya msitu wa kale zaidi uliokuwepo kabla ya moto na mashamba kuenea. Mtu anayetafuta msitu wa kale wa kutungia albamu hana haja ya kupanda ndege.

Na msitu huo ndio uliowaonyesha watu mahali penye shaba. Penye shaba nyingi udongoni, miti haioti. Kilima kinabaki wazi katikati ya msitu, kimevaa nyasi na maua madogo yanayostahimili sumu ya madini. Wahunzi wa Basanga walijua alama hiyo karne nyingi kabla ya Union Minière, na wachunguzi wa madini waliokuja baadaye waliyafuata maua hayo hayo. Kwenye vilima vya shaba na kobalti vya Katanga kuna aina zaidi ya 30 za mimea isiyopatikana mahali pengine popote duniani. Kilima kinapochimbwa hadi kuwa shimo, mimea hiyo inaondoka nacho. Basi, hadithi ya msitu na hadithi ya shaba ni hadithi moja. Albamu ya msitu wa Lualaba haiwezi kuwa ya ndege na maua peke yake.

Wanaoujua msitu

Nani ataitunga? Mwanamuziki hodari wa mjini anaweza kuweka noti. Lakini majina ya miti anayo mama aliyekwenda kuokota uyoga tangu utoto. Yeye ndiye anayetofautisha muputu na mutondo kwa kugusa ganda, anayejua mti upi una viwavi vya kuliwa na upi una viwavi vya kuwasha. Majina yenyewe yanabadilika kutoka Kisanga kwenda Kiluba, Kilunda, Kindembu na Kichokwe, na kila lugha imeona kitu ambacho nyingine haikuona.

Wengi wa watu hao leo wamehamishwa. Historia ya Kolwezi ni historia ya kuhama. Mji wenyewe ulianzishwa katika miaka ya 1930 kwa ajili ya mgodi, na watu waliletwa kutoka pande zote. Mwaka wa 1992 na 1993 familia nyingi mno zenye asili ya Kasai zilifukuzwa Likasi na Kolwezi, zikalala stesheni zikingoja treni. Mwaka wa 2014 kobalti iligunduliwa chini ya nyumba za kartie ya Kasulo, na mwaka wa 2017 familia za sehemu moja ya kartie hiyo zikahamishwa. Mwezi wa 9 mwaka wa 2023, Amnesty International pamoja na IBGDH, shirika la hapa Kongo, walitoa ripoti juu ya watu kuondolewa makwao Kolwezi kwa ajili ya kupanua migodi ya shaba na kobalti. Vijiji vya pembeni navyo vinasogezwa, mara moja kwa mkataba, mara nyingine kwa haraka.

Familia inapohamishwa, kuna vitu vinavyohesabiwa. Nyumba inapimwa, shamba linapimwa, mwembe uliopandwa unaandikwa. Lakini nani amewahi kuuliza bei ya kichuguu kilichotoa uyoga kwa bibi, kwa mama na kwa binti? Nani ameandika kwenye fomu jina la kijito ambacho watoto walijifunzia kuogelea? Kwenye makao mapya kuna mabati mapya na mistari iliyonyooka. Mtoto aliyezaliwa pale anajua jina la kampuni iliyo jirani kabla ya kujua jina la mti mmoja. Anasikia wazazi wakitaja kilima fulani, anauliza kiko wapi, na jibu ni shimo lenye uzio.

Hapo ndipo wimbo una kazi ambayo karatasi haifanyi. Mahali pakitajwa ndani ya wimbo, panaendelea kutajwa. Anayebeba godoro na sufuria kwenye lori anaacha mengi nyuma, lakini wimbo wa kuokotea uyoga anaubeba bila kulipa nauli. Familia zilizoondoka Kolwezi kwa treni miaka ile zilikwenda na nyimbo zao, na zile zilizorudi zilirudi nazo.

Maji kwanza, gitaa baadaye?

Wapo watakaosema haya ni maneno ya mtu aliyeshiba. Watu hawana maji safi, watoto wanakaa chini darasani, barabara ina vumbi la malori, na hapa panazungumzwa albamu. Hoja hiyo ni ya haki na haiwezi kusukumwa pembeni. Mama anayetafuta unga wa bukari hawezi kuambiwa asubiri, eti kwanza fidla ipatikane.

Lakini hakuna anayeomba fedha za kisima zinunue gitaa. Kurekodi nyimbo 10 katika ukumbi wa kanisa au studio ya redio si kazi ya gharama kubwa, na vifaa vingi tayari viko mjini. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka wa 2018 inazitaka kampuni zitoe angalau asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa ajili ya maendeleo ya jamii zinazozunguka mgodi. Sheria hiyo hiyo inatenga asilimia 10 ya mrabaha wa madini kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Kongo inatoa zaidi ya asilimia 70 ya kobalti inayochimbwa duniani, na sehemu kubwa inatoka kwenye ukanda huu wa shaba. Katika bahari hiyo ya fedha, albamu ni kijiko kimoja. Kama kweli kuna vizazi vijavyo vinavyofikiriwa, basi navyo vitataka kujua walikozaliwa babu zao palisikika namna gani kabla ya shimo.

Tena maji na wimbo havigombani. Jamii inayokaa mezani na kampuni au na serikali ya jimbo inahitaji kueleza ilikuwa wapi, mipaka yake ilipita wapi, mto upi ulikuwa wa nani, makaburi yalikuwa upande gani. Wazee wengi hawana ramani. Wana majina, na majina yamo ndani ya nyimbo na masimulizi. Anayeyahifadhi anahifadhi pia sehemu ya ushahidi wa jamii.

Ukweli wote, pamoja na makala

Ipo hatari nyingine, na hii inatoka kwa wanaoupenda mradi kama huu. Ni rahisi kutunga albamu tamu ambamo msitu ni bustani, ndege wanalia, na kila mtu ana furaha. Mtu aliyehamishwa akisikia hivyo atacheka, au atazima redio. Msitu wa Lualaba unakatwa, na mikono inayoukata ni mingi. Migodi inafyeka. Wafanyabiashara wamebeba mukula kwa makontena, mti mwekundu uliotafutwa sana na wanunuzi wa China. Na wakaaji wenyewe wanachoma makala.

Neno makala lazima liwemo ndani ya albamu hiyo. Mabwawa ya Nzilo na Nseke kwenye mto Lualaba yamezalisha umeme tangu miaka ya 1950, lakini nyumba nyingi za Kolwezi bado zinapika kwa makala, na kila gunia lililofungwa kwa kamba juu ya baiskeli ni miti iliyokuwa imesimama. Anayesukuma baiskeli hiyo si adui wa msitu. Mara nyingi ni mtu aliyepoteza shamba lake, na msitu ndio benki pekee inayomfungulia mlango. Zamani wahunzi wa Basanga nao waliyeyusha shaba kwa makala, katika tanuri zilizojengwa kwa udongo wa vichuguu. Tofauti ni kiasi, na kasi. Mwanamuziki atakayeweza kuimba juu ya mtu huyo wa baiskeli bila kumhukumu na bila kumsifu atakuwa amefanya kazi ngumu kuliko kuimba juu ya majani mekundu ya mwezi wa 9. Muziki mtulivu unafaa kwa kazi hiyo, kwa sababu hauna kelele za kujifichia. Maneno yanasikika yote.

Mwenda mwenyewe alitunga kwa njia hiyo: mambo ya kawaida ya watu wa kawaida, yaliyosemwa kwa Kiswahili ambacho kila mtu wa Katanga aliyesikia alikielewa. Hakuhitaji kupaza sauti.

Irekodiwe hapa, ibaki hapa

Yafaa mambo machache yakubaliwe kabla ya kitufe cha kurekodi kubonyezwa.

La kwanza ni majina. Kila mama, kila mzee, kila kijana anayetoa wimbo aandikwe kwa jina lake kama anataka, pamoja na kijiji alikotoka na lugha aliyoimbia. Wimbo usiitwe "wa kienyeji" kana kwamba umeota wenyewe kama nyasi.

La pili ni haki. Mkataba uandikwe kwa lugha ambayo mwenye wimbo anaielewa na usomwe mbele yake. Kongo ina SOCODA, shirika la haki za watunzi, na wanamuziki wa mjini wanaofahamu taratibu zake wawasaidie wasiozifahamu. Wimbo ukiuzwa, hata kwa franga chache, mwenye wimbo ajue ni ngapi.

La tatu ni nakala. Zibaki kwa familia, zibaki redioni, zibaki katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Kolwezi. Anayetaka kupeleka nakala nje ya nchi apeleke, lakini ile ya kwanza isitoke Lualaba. Kuhusu zile zilizokwisha kutoka, upo mfano wa kufuata. Mwaka wa 1950 Tracey aliwarekodi wasichana wa Kipsigis nchini Kenya wakiimba wimbo uitwao Chemirocha. Katika miaka ya 2010, ILAM pamoja na Ketebul Music ya Nairobi walizirudisha rekodi za eneo hilo kwa wenyewe, na baadhi ya waliorekodiwa walikuwa bado hai kuzisikia. Hakuna kinachozuia viongozi wa Lualaba, chuo kikuu na wakubwa wa Bunkeya kuandika barua ya kuomba sauti za Katanga zirudi kwa njia hiyo.

La nne ni waimbaji. Kolwezi haina upungufu wa sauti. Kwaya za Kikatoliki, za Kimetodisti na za Wakimbangu zinafanya mazoezi karibu kila jioni, na ndani yake kuna vijana wanaoweza kuimba sauti nne bila chombo. Wako wapiga gitaa wa makanisani, na wazee wachache ambao bado wanajua kidole gumba na kidole cha shahada vya zamani. Wakikaa na mama wa uyoga na mzee wa chisanji katika chumba kimoja, kwa subira, nusu ya albamu imekwisha patikana.

Fedha, mkataba na studio vinaweza kuchelewa. Kumbukumbu za wazee hazitavisubiri. Kwa hiyo familia zilizo katika makao mapya, na zile zilizotawanyika Likasi, Lubumbashi, Kasai na kwingineko, zianze na simu iliyopo mfukoni. Bibi aombwe aimbe alichoimba akienda kutafuta uyoga. Ataje mahali, ataje mti, ataje nani alimfundisha. Dakika tatu zinatosha. Sauti hiyo iwekwe katika simu mbili, si moja, kwa sababu simu hupotea. Nazo redio za mji zifungue saa moja kwa wiki ya kuzipiga sauti hizo, hata zikiwa na mikwaruzo, hata mbwa akibweka nyuma. Mwanamuziki atakayekuja kutunga albamu ya msitu wa Lualaba atazikuta hapo, nyumbani, na majina ya wenyewe yakiwa juu yake.